KIFAA CHA UMEME KINACHOMSAIDIA KIZIWI KUSIKIA

Katika somo la leo tutazungumza juu ya kifaa kidogo cha umeme. Madaktari hukipandikiza chini ya ngozi ya kichwa, nyuma ya sikio, ili kumsaidia mtu kiziwi apate kusikia. Pengine umekwisha kupata habari zake redioni. Hapa Kibaigwa watu wanaokuja na malori ya mahindi kutoka Dar es Salaam husimulia kwamba siku hizi viziwi wanazibuliwa masikio Muhimbili. Wanasema mtu huingia asubuhi hasikii, na jioni hutoka anaongea. Kifaa chenyewe ni cha kweli, lakini mambo hayaendi hivyo. Hakuna anayezibuliwa, na hakuna anayetoka anaongea siku ile ile.

Tumechagua habari hii kwa sababu kifaa hicho kina wakati wake. Mtoto aliyezaliwa akiwa kiziwi akipelekwa mapema, anaweza kujifunza kusema kama wenzake. Akipelekwa ana miaka kumi, hakitamfaa sana, hata kama baba yake ana ng'ombe mia wa kuuza. Watoto wengi wa vijijini hupelekwa wakati umekwisha kupita. Wazazi wao wanawapenda sana, ila hakuna mtu nyumbani aliyetambua mapema kwamba mtoto hasikii.

SIKIO LINAVYOFANYA KAZI

Sikio tunaloliona nje ni kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Kazi yake ni kukusanya sauti na kuiingiza tunduni. Mwisho wa tundu hilo kuna ngozi nyembamba, imewambwa kama ngozi ya ngoma. Sauti ikifika, ngozi hutikisika. Nyuma ya ngozi kuna vifupa vitatu vilivyoshikana. Ni vifupa vidogo kuliko vyote mwilini. Ngozi ikitikisika, navyo hutikisika, na kuupeleka mtikisiko ndani zaidi.

Huko ndani kuna kitu kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Ukubwa wake ni kama punje ya njegere. Wataalamu hukiita koklea. Sisi tutakiita konokono wa sikio. Ndani yake mna maji, na katika maji hayo mna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho matupu. Vimeota juu ya chembe hai zipatazo elfu 15 katika kila sikio. Mtikisiko ukiingia, maji huchezacheza, na vinyweleo huinama kama shamba la mtama upepo unapopita. Vikiinama, umeme kidogo hutokea. Umeme huo hupita katika mshipa wa fahamu wa sikio mpaka kwenye ubongo. Ubongo ndio unaosema: hii ni sauti ya mama, hii ni kengele ya shule, yule ni jogoo.

Usishangae kusikia kwamba mwilini mna umeme. Kila mtu anao. Ni mdogo sana, hauwezi kuwasha taa wala kumpiga mtu shoti. Moyo hupiga kwa umeme huo. Ukitaka kuinua jembe, ubongo huutuma umeme huo mkononi kupitia mishipa ya fahamu.

Kuna jambo moja zaidi la kushika. Kila sehemu ya konokono wa sikio ina sauti zake. Karibu na mlango hupokelewa sauti nyembamba, kama filimbi na ndege. Ndani kabisa, kwenye ncha, hupokelewa sauti nzito, kama ngoma na mlio wa fahali. Tutalihitaji jambo hili mbele.

Sasa, uziwi uko wa namna mbili. Wa kwanza ni pale njia ya sauti inapoharibika. Nta imeziba tundu, au sikio linatoa usaha, au ngozi ya ndani imetoboka. Uziwi huu mara nyingi hutibika, na matibabu yake huanzia zahanati. Kwa hiyo mtoto anayetoka usaha sikioni asiwekewe mafuta, maji ya majani wala mafuta ya taa. Aletwe atibiwe. Wa pili ni pale vinyweleo vya ndani vinapokufa, au mtoto anapozaliwa vikiwa vibovu. Vinyweleo hivyo vikifa haviloti tena. Hakuna dawa ya kunywa, ya kudondosha wala ya kuchanja inayoviotesha. Mtu akikuambia anayo, shika fedha yako.

Kwa mtu ambaye baadhi ya vinyweleo vyake bado vinafanya kazi, kipo kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni. Hicho hufanya sauti iwe kubwa tu. Lakini kama vinyweleo vimekwisha kabisa, hata ukuze sauti kama ya spika za mnada, hakuna wa kuipokea. Hapo ndipo kinapohitajika kifaa tunachokizungumzia.

UMEME UNACHUKUA KAZI YA VINYWELEO

Wazo lenyewe ni la zamani. Karibu mwaka 1800, Mwitalia mmoja aitwaye Alessandro Volta, ambaye ndiye aliyetengeneza betri ya kwanza, alijiingiza vyuma viwili masikioni akaviunga na betri yake. Alipata mshtuko kichwani. Kisha akasikia mlio kama wa kitu kizito kinachotokota. Sisi tungesema alisikia uji unachemka. Jambo hilo ni la hatari, wala mtu yeyote asilijaribu nyumbani. Lakini lilionyesha kwamba umeme ukifika mahali pake, ubongo huuona ni sauti.

Mwaka 1957, mjini Paris nchini Ufaransa, André Djourno na Charles Eyriès waliweka waya karibu na mshipa wa fahamu wa sikio la mtu kiziwi. Mtu yule alisikia milio, na akaweza kutambua maneno machache. Hakuweza kufuata mazungumzo. Sababu yake utaiona mwenyewe ukikumbuka tulichosema juu ya konokono. Waya mmoja ni kama zeze lenye uzi mmoja usiobonyezwa. Hutoa mlio, lakini hautoi wimbo. Ili mtu aelewe maneno, lazima umeme ufike sehemu nyingi za konokono, penye sauti nyembamba na penye sauti nzito.

Basi shida ikawa ni namna ya kupitisha uzi wenye nyaya nyingi ndani ya kitu kilichojikunja, tena kidogo kama njegere. Daktari mmoja wa Australia, Graeme Clark, ambaye baba yake alikuwa na shida ya kusikia, alihangaika na jambo hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1977 akiwa ufukweni mwa bahari aliokota kombe la konokono wa baharini, akawa anasukuma majani ya nyasi ndani yake. Aliona kuwa jani lililo laini kwenye ncha na gumu kuelekea shinani ndilo linaloingia huku likizunguka. Akatengeneza uzi wa namna hiyo. Mwaka 1978, katika mji wa Melbourne, alimpandikizia mgonjwa wa kwanza. Wataalamu wa nchi nyingine nao walikuwa wakifanya kazi hiyo hiyo miaka ile. Hadi mwisho wa mwaka 2019, vifaa zaidi ya 730,000 vilikuwa vimepandikizwa duniani.

Kifaa kina sehemu mbili. Sehemu ya nje huvaliwa nyuma ya sikio. Ina kinasa sauti, betri, na mashine ndogo ya kupanga sauti. Kutoka hapo kuna waya mfupi unaokwenda kwenye kisahani cha mviringo, ukubwa wake kama sarafu, kinachokaa juu ya nywele. Kisahani hicho hakifungwi kwa kamba. Kina sumaku, na ndani ya ngozi kuna sumaku nyingine, basi hushikana. Sehemu ya ndani iko chini ya ngozi. Haionekani, ila ukipapasa utasikia kiuvimbe kidogo. Kutoka sehemu hiyo uzi mwembamba huingia ndani ya konokono. Uzi huo una vituo vidogo vya umeme, kuanzia 12 mpaka 22, kulingana na aina ya kifaa. Sehemu ya nje hupeleka habari kwa ile ya ndani kupitia ngozi kwa mawimbi, kama redio. Kwa hiyo hakuna tundu linalobaki kichwani.

Angalia kwamba kifaa hakiponyi vinyweleo. Kinavipita, na kuugusa mshipa wa fahamu moja kwa moja. Kama mshipa huo haupo kabisa, kwani wako watoto wachache wanaozaliwa bila mshipa huo, kifaa hakiwezi kufanya kazi. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa kwa mashine na kupigwa picha za kichwa kabla ya kukubaliwa.

Ndugu msomaji, sikio si sehemu pekee inayosaidiwa kwa umeme. Kuna watu ambao moyo wao hupiga polepole mno mpaka wanaanguka. Hao hupandikiziwa kifaa cha kuuamsha moyo, na kazi hiyo hufanyika nchini katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Uko pia ugonjwa wa kutetemeka wa wazee, unaoitwa Parkinson. Mwaka 1987, katika mji wa Grenoble nchini Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid aligundua kuwa waya wenye umeme mdogo ukiwekwa mahali maalum ndani ya ubongo hupunguza kutetemeka. Hata kwa wagonjwa wa kifafa kipo kifaa cha kuwekwa kifuani kinachogusa mshipa wa fahamu wa shingoni. Lakini nataka tuelewane vizuri juu ya kifafa. Wagonjwa wengi wa kifafa, kama saba katika kila kumi, huacha kuanguka wakimeza vidonge vyao kila siku bila kuruka. Vidonge ni vya bei ndogo sana ukilinganisha na mashine hizo. Asikae mtu nyumbani na mwanawe anayeanguka motoni, ati anasubiri umeme wa Ulaya.

MUHIMBILI TANGU MWAKA 2017

Turudi kwenye sikio. Kabla ya mwaka 2017, Mtanzania aliyehitaji kifaa hiki alipelekwa nje ya nchi, mara nyingi India. Gharama iliyotajwa ilikuwa kati ya shilingi milioni 80 na milioni 100 kwa mgonjwa mmoja. Mwezi Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa hivyo hapa hapa nchini. Gharama ikashuka hadi chini ya nusu.

Hata hivyo, chini ya nusu ya milioni 80 bado ni fedha nyingi kwa mkulima. Kaa chini na daftari lako, uandike bei ya gunia la mahindi la leo hapa sokoni, kisha ugawanye. Utaona ni magunia mangapi. Lakini gharama isikufanye ukate tamaa kabla hujauliza. Watoto wengi waliopandikizwa Muhimbili wamesaidiwa na serikali. Kila hospitali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii. Ukifika, ingia humo ueleze hali yako. Kupimwa masikio ni jambo jingine, na gharama yake ni ndogo sana. Mzazi asiache kumpima mtoto kwa kuogopa bei ya kifaa ambacho pengine hata hakitahitajika.

Upasuaji wenyewe huchukua kama saa mbili au tatu. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, hasikii maumivu. Baada ya siku chache huruhusiwa kutoka. Hapo ndipo wazazi wengi hushtuka, maana mtoto bado hasikii kitu. Hawakudanganywa. Kidonda lazima kipone kwanza, ndipo sehemu ya nje iwashwe. Kwa kawaida hupita wiki mbili mpaka nne.

Siku ya kuwashwa, watoto wengi hulia. Ungekuwa wewe umeishi miaka miwili katika kimya, ghafla pakaingia mlio usiojua unatoka wapi, ungelia pia. Watu wazima waliokuwa wanasikia zamani, kisha wakapoteza usikivu na kupandikiziwa, husema kuwa mwanzoni maneno husikika kama redio isiyokaa sawa kwenye mawimbi. Baada ya miezi, ubongo huzoea, na sauti huwa za watu. Mtaalamu hurekebisha mashine mara kwa mara, na mwingine humfundisha mtoto kusikiliza na kutamka. Mafunzo hayo huendelea kwa miaka. Mama na baba ndio walimu wakubwa zaidi, kwa kuwa mtaalamu hukaa na mtoto saa moja, nao hukaa naye siku nzima. Mama akimwaga maji aseme "maji". Mbuzi akilia, amwonyeshe mtoto sikio, kisha mbuzi.

Tena kifaa kinahitaji kutunzwa. Betri huisha, hivyo panahitajika umeme au sola ya kuchaji. Mtoto huvuliwa sehemu ya nje akioga na akilala. Vumbi letu la mwezi wa Septemba halipatani na mashine hiyo, basi ifutwe kila jioni kwa kitambaa kikavu. Mtoto akienda kutibiwa popote, mganga aambiwe kwamba kichwani mna sumaku, kwa sababu iko mashine moja ya kupiga picha ambayo hutumia sumaku kubwa na inaweza kumdhuru. Na apate chanjo zake zote, maana mwenye kifaa hiki yumo katika hatari zaidi ya kupata homa ya uti wa mgongo.

KWA NINI MAPEMA

Mkulima wa Kongwa ataelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Mbegu iliyopandwa mvua inapoanza huzaa. Mbegu ile ile, katika shamba lile lile, ikipandwa mwezi wa Machi huota majani tu na kukauka. Ubongo wa mtoto una msimu wake wa kupokea sauti. Msimu huo ni miaka ya kwanza tangu kuzaliwa. Sauti isipofika wakati huo, sehemu ya ubongo iliyotengwa kwa ajili ya kusikia hupewa kazi nyingine, hasa ya kuona. Baadaye hata umeme ukiletwa, mtoto atasikia milio, lakini hataweza kuipambanua kuwa maneno.

Kwa aliyezaliwa kiziwi, wataalamu hupendelea apandikiziwe akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja mpaka miaka mitatu. Kufikia miaka mitano faida imepungua sana. Mtu mzima aliyekuwa anasikia na kusema, kisha akawa kiziwi, hali yake ni tofauti. Ubongo wake unayajua maneno, basi anaweza kusaidiwa hata uzeeni.

Hivyo swali kubwa si "kifaa kiko wapi?" Swali ni "nitajuaje kuwa mtoto wangu mchanga hasikii?" Kina mama wengi, ninapowauliza juu ya mtoto wa miaka miwili asiyesema, hunijibu kwamba hata baba yake alichelewa kusema. Au bibi amesema mtoto atafunguka ulimi akizaliwa mdogo wake. Kwa heshima zote kwa bibi zetu, usikubali jibu hilo kabla ya kipimo. Wapo watoto wanaochelewa kusema huku wanasikia vizuri. Wapo pia wanaoitwa "bubu" kumbe ulimi wao hauna kasoro yoyote. Hawasemi kwa sababu hawajawahi kusikia neno la kuiga.

Mtoto mchanga anayesikia hushtuka mlango ukijibamiza. Akifika miezi sita hugeuza kichwa kutafuta anayeita. Akifika mwaka mmoja hulijua jina lake na kuanza kusema "mama" au "baba". Akifika miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo". Mtoto wako akiwa nyuma ya hapo, mpime.

Kumpima nyumbani kunahitaji akili kidogo, kwa sababu mtoto kiziwi ni mwerevu wa kutazama. Wazazi huniambia, "Lakini mganga, ngoma ikipigwa hugeuka." Ngoma ya muheme ikipigwa, ardhi nzima hutikisika, na mtoto huisikia kwa nyayo na kwa kifua. Lori la mahindi likipita barabarani huisikia nyumba ikitetemeka. Ukimpigia makofi kwa nyuma, huona kivuli chako au huhisi upepo wa mikono. Haya yote hayaonyeshi kuwa masikio yake ni mazima. Fanya hivi. Mtoto akae mapajani mwa mtu, mahali palipo kimya, akichezea kitu. Wewe simama nyuma yake hatua moja au mbili, upande mmoja, mahali ambapo kivuli chako hakimfikii. Usikanyage kwa kishindo. Muite kwa sauti ya kawaida, si ya kufoka. Subiri kidogo. Kisha rudia upande wa pili. Rudia tena siku nyingine, kwani mtoto anaweza asigeuke kwa kuwa mchezo umemkolea tu. Asipogeuka mara nyingi, mlete.

Zahanati hatuna mashine ya kupima usikivu. Kazi yetu ni kuangalia kama tundu limeziba au lina usaha, kulitibu, na kukuandikia barua ya rufaa. Barua hiyo itakupeleka hospitali ya wilaya Kongwa, kisha Dodoma mjini kwa daktari wa masikio, pua na koo. Yako majibu mengi yanayoweza kutokea huko. Pengine atapewa dawa tu. Pengine kifaa cha kuvaa cha kukuza sauti kitamtosha. Ni wachache watakaoambiwa waendelee hadi Muhimbili.

Na kama jibu ni kwamba kifaa hakitamfaa, au fedha haikupatikana? Hapo nina neno kwa wazazi. Msimfiche mtoto ndani, wala msimwache achunge mbuzi mpaka awe mtu mzima asiye na lugha. Kiziwi si mgonjwa wala si mpumbavu. Ubongo wake unaweza kujifunza lugha kwa macho na mikono, nayo ni Lugha ya Alama ya Tanzania, lugha kamili yenye maneno na kanuni zake. Nayo pia hufundishwa mapema. Shule ya viziwi Tabora ilianza mwaka 1963, ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974, na siku hizi Dodoma mjini pia iko. Hata mtoto mwenye kifaa hafungwi kuijua lugha ya alama. Betri ikiisha porini, ataongea na nani?

YANAYOUA USIKIVU

Shirika la Afya Duniani linasema kuwa karibu sita ya kila kumi katika watoto wenye uziwi wangeweza kukingwa. Mama mjamzito akiambukizwa rubella, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua pamoja na rubella mwaka 2014, na mtoto huipata akiwa na miezi tisa, halafu tena miezi 18. Wengi huja ya kwanza, ya pili wanaisahau. Surua na matubwitubwi navyo huharibu masikio. Mtoto mchanga anayekuwa wa manjano macho na ngozi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani manjano ikizidi huharibu ubongo na usikivu.

Dawa nazo zimo. Sindano ya gentamaisini huokoa maisha ya watoto wachanga, lakini ikitolewa ovyo na mtu asiyepima uzito wa mtoto, huua vinyweleo vya sikio. Kwinini nyingi kupita kipimo pia hufanya masikio yavume. Usimruhusu mtu wa mtaani amdunge mwanao. Lakini kama umepewa dawa hospitali, usiziache mwenyewe. Masikio yakianza kuvuma, rudi ukaseme.

Homa ya uti wa mgongo nimeiweka mwisho kwa sababu ina haraka kuliko zote. Mtoto hupata homa kali, shingo hukakamaa, hutapika, hulegea au hupatwa na degedege. Akifikishwa hospitali upesi anaweza kupona. Nyumbani watu hufurahi, huchinja kuku. Lakini ugonjwa huo huweza kuwa umeviua vinyweleo vyote kwa siku chache, na hakuna aliyejua. Kuna ubaya mwingine. Baada ya homa hiyo, tundu la ndani la konokono wa sikio linaweza kuanza kujaa mfupa. Kazi hiyo huanza baada ya wiki chache tu. Likijaa, uzi wa umeme haupiti tena, hata kwa daktari hodari. Hapa hatuhesabu miaka, tunahesabu wiki.

Basi mtoto, au hata mtu mzima, akitoka hospitali baada ya homa ya uti wa mgongo, apimwe masikio kabla ya wiki nne kwisha, hata kama anakula vizuri na kucheza. Usingoje mavuno wala mnada. Beba kadi yake ya kliniki na karatasi aliyopewa wodini. Ukiulizwa mtoto anaumwa nini maana anarukaruka, jibu kwamba hukuja kwa homa, umekuja kupimisha masikio baada ya uti wa mgongo, na utaje tarehe aliyougua.